Gesi ya Peres na Pambano Lisilo na Mshindi

Jumapili Peres akitoka kanisani hana nafasi ya kukaa. Anavua viatu mlangoni, anafunga leso kiunoni, anaingia jikoni. Kesho yake wateja wake, mafundi wa mjengo kule Loresho, watakuwa wanangoja chapati na maharagwe. Kwa hivyo maharagwe ni lazima yachemke leo, na unga ukandwe leo. Mtu aliyebeba mawe tangu asubuhi hashibi kwa kuambiwa pole.

Jumapili hii Peres alikuwa na furaha. Alikuwa bado anaimba wimbo wa kanisani. Ivyne, binti yake, alikaa juu ya ndoo akichagua maharagwe.

"Mama, kitendawili!"

"Tega."

"Watoto wangu wote wamelala kitanda kimoja, wamejifunika blanketi moja."

"Maharagwe ndani ya ganda lake."

"Ah! Umejua kwa sababu unaona ninachochagua!"

Peres akacheka. Akachukua kiberiti, akainama kuwasha meko. Kicheko kikamkauka mdomoni. Mpira wa gesi ulikuwa unaning'inia hewani. Haukushika kitu. Pale mtungi ulipokaa siku zote palibaki duara la kutu sakafuni.

Mume wake, Isaiah, alikuwa ameketi chumba cha mbele na simu pajani. Isaiah ni fundi wa bomba. Hutengeneza mifereji kwenye nyumba kubwa za Spring Valley. Mikono yake inajua kazi, lakini siku hiyo mikono ilikuwa imejificha katikati ya magoti.

"Baba Ivyne!"

"Mm."

"Kitendawili."

Isaiah aliijua sauti ile. Haikuwa sauti ya mchezo.

"Tega," akasema polepole.

"Nina mtu wangu mnene. Hana miguu. Jana alikuwa jikoni kwangu. Leo ametembea."

Isaiah akakuna kichwa. Akatazama dari.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Nakupa Karen."

"Karen nimefika," Peres akasema. "Nimekaa kwenye nyumba kubwa. Nimezunguka jikoni zao zote na vijiko vyao vya fedha. Hata huko sijauona mtungi wangu. Uko wapi?"

Isaiah akaweka simu chini. "Uko kwa Sammy."

Peres alimjua Sammy. Kangemi yote inamjua. Ana ukumbi wa televisheni kando ya barabara, watu hulipa kuingia kutazama mpira. Lakini hiyo ni biashara ya mbele. Nyuma ya kaunta Sammy hushika beti. Huna pesa? Hakuna shida. Lete redio. Lete pasi. Lete mtungi wa gesi. Ukishinda unarudi na kitu chako na cha mwenzako. Ukishindwa, unarudi na mikono mitupu.

"Uliweka gesi yangu kwenye beti?" Peres aliuliza. "Gesi inayolisha hii nyumba?"

"Nilijua Nzau atashinda! Wewe mwenyewe unamjua Nzau. Kijana wetu! Anapita hapa kila asubuhi akikimbia. Nani angemshinda?"

"Na ameshinda?"

"Wametuibia, Mama Ivyne!" Sasa Isaiah alisimama. Hasira ilimpa miguu. "Jana nilikuwa huko tao, katikati ya jiji, ndani ya ukumbi wa ngumi, nimeona kwa macho yangu. Raundi ya kwanza, Nzau. Raundi ya pili, Nzau. Huyo Kuria wa Dagoretti alikuwa anatandikwa kama zulia. Raundi ya tatu vichwa vikagongana. Nzau akapasuka juu ya jicho. Refa akasimamisha. Ati hakuna mshindi! Hakuna mshindi aje? Na unajua nani alikuwa kwenye meza ya majaji? Millicent wako!"

"Millicent yupi?"

"Huyu wa hapa! Rafiki yako. Sammy ametuambia yote. Amesema tumuulize huyo mama alipewa nini na watu wa Dagoretti."

Peres hakungoja zaidi. Alitoka na kiberiti bado mkononi.

Millicent alikuwa mpangaji wa ploti hiyo hiyo, mlango wa tatu kutoka kwa Peres. Yeye hushona sare za shule. Ujanani alipigana ngumi. Alipoacha kupigana alisomea ujaji, na siku za mapambano huitwa kukaa kando ya ulingo. Ndiye aliyemshika Ivyne mkono siku ya ubatizo. Peres na yeye walikuwa wameteka maji bomba moja, wameanika nguo kamba moja.

Mlangoni pa Millicent mtu alikuwa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: MWIZI. Peres aliisoma. Badala ya kushtuka, akaona imeandikwa vizuri.

"Millicent! Uliuza macho yako kwa nani?"

Cherehani ikanyamaza. Millicent akainua kichwa. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Karibu, Mama Ivyne. Siku hizi salamu zimepanda bei?"

"Nimsalimie mtu aliyeninyima gesi? Nzau alishinda! Nyinyi mmesema hakushinda. Kesho watu wa mjengo nitawapa nini? Nitawapa kadi yako ya pointi watafune?"

"Kadi yangu?" Millicent akasimama. Sasa na yeye alikuwa amewaka. "Unajua kadi yangu ilisema nini?"

"Ilisema Kuria!"

"Nani amekuonyesha?"

Peres akaitazama ile chaki mlangoni.

"Nani ameiona? Sammy? Mume wako? Tangu jana watu wananitukana. Mteja wangu amechukua sare ya mtoto wake ikiwa haina vifungo, ati hataki nguo ya mwizi. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Wewe umekula kwangu, Peres. Hata wewe hukuuliza. Ulikuja na jibu."

Maneno hayo yalimchoma Peres. Lakini mtu aliyekuja na hasira hatui mzigo mara moja.

"Basi nauliza sasa. Ilisema nini?"

"Haikusema kitu. Haikuhesabiwa! Keti hapo nikueleze, maana hata wewe umebeba maneno usiyoyajua."

Peres akaketi kwenye ukingo wa kitanda, juu ya mikono ya sweta.

"Lile lilikuwa pambano la kulipwa, la raundi sita," Millicent akasema. "Sisi majaji tulikuwa watatu. Kila raundi ikiisha, kila mmoja anaandika pointi zake peke yake. Aliyepigana vizuri anapata kumi. Mwenzake kwa kawaida tisa. Akiangushwa, hupungua zaidi. Hatuulizani. Hatunong'onezani. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Sasa, vichwa vikigongana na mtu akapasuka, anayeamua si mimi. Ni refa. Ni yeye aliye ndani ya ulingo. Ni yeye anayesema kama ni bahati mbaya au ni makusudi. Refa alisema ni bahati mbaya. Daktari akasema jicho haliwezi kuendelea. Na sheria tulizotumia jana, ambazo pande zote mbili zilisomewa kabla, zinasema hivi: ikiwa ni bahati mbaya, na raundi nne hazijaisha, pambano linafutwa. Si Nzau. Si Kuria. Wala si droo. Ni kama hawakupigana. Kadi za majaji hazihesabiwi kabisa."

"Na raundi nne zingekuwa zimeisha?"

"Hapo ndipo wangehesabu pointi. Lakini ilikuwa ya tatu. Hata ningempa Nzau mia, ningeziandika kwenye maji."

Peres akatafakari. "Lakini Baba Ivyne anasema Nzau alikuwa anampiga sana."

"Baba Ivyne alikuwa anatazama na mtungi wa gesi machoni! Mtu wa beti anahesabu kila mkono unaorushwa. Ngumi ikigonga glovu, anapiga kelele. Ikigonga mkono, anapiga kelele. Hizo hazina pointi. Jaji anahesabu ile iliyofika usoni au mwilini, safi. Na wakiona jaji amekosea, kuna njia. Kocha wa Nzau anaandika malalamiko, anapeleka kwa chama kinachosimamia ngumi. Wanatazama picha za video. Wanaweza kubadilisha uamuzi, wanaweza kuamuru warudiane. Hiyo ndiyo njia. Chaki mlangoni si njia."

Kisha Millicent akauliza, kwa sauti ya chini, "Hebu niambie. Sammy amewarudishia vitu vyenu?"

"Arudishe aje? Amesema Nzau hakushinda, kwa hivyo tumepoteza."

"Na wale waliomwekea Kuria?"

Peres akakumbuka. Kavutha, mwenye kupiga pasi nguo za watu pale kona, mume wake alimwekea Kuria. Na Kavutha alikuwa amelia kanisani leo asubuhi kwamba pasi yake imeenda.

"Mume wa Kavutha ameambiwa Kuria hakushinda," Peres akasema polepole. "Kwa hivyo wamepoteza."

"Aha."

"Wa Nzau wamepoteza. Wa Kuria wamepoteza. Vitu vyote viko kwa Sammy!"

"Na watu wote wako mlangoni kwangu," Millicent akasema. "Umeona sasa kwa nini aliwaelekeza huku?"

Hasira ya Peres haikupoa. Iligeuka tu, ikatazama upande wa pili wa barabara.

"Twende," akasema. "Twende sasa hivi ukamwambie mbele ya watu."

"Mimi sikanyagi pale. Jaji akionekana kwenye meza ya kamari, kazi yake imekwisha, na ni haki iishe. Mpigie simu naibu chifu, Bi. Njambi. Mwambie yote. Na mwambie huyo Sammy hana leseni. Kushika beti za watu bila leseni ni kosa."

"Lakini Baba Ivyne pia aliweka. Hatashikwa?"

"Hiyo hofu ndiyo inayomlisha Sammy. Kila mtu ananyamaza kwa sababu na yeye aliingiza mkono. Sema ukweli wote, na upande wenu pia."

Peres alipiga simu. Bi. Njambi alikuwa kwenye mkutano wa mazishi. Akasema atakuja ukiisha. Lakini maharagwe hayajui mikutano. Peres alirudi nyumbani, akachukua meko, sufuria ya maharagwe, na mpira wa gesi akauvaa shingoni kama mkufu.

"Mama Ivyne, unaenda wapi na hivyo vitu?" Isaiah aliuliza.

"Kupika. Mimi napikia mahali gesi iko. Beba karai la unga unifuate."

"Peres, tafadhali. Watu wataniona."

"Waliokuona ukibeba mtungi wakuone ukibeba unga."

Isaiah akabeba.

Ukumbini kwa Sammy mpira ulikuwa unaendelea kwenye televisheni. Vijana walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Sammy alikuwa nyuma ya kaunta, kofia imegeuzwa nyuma. Pembeni yake mitungi ilikuwa imepangwa kama watoto wa shule kwenye gwaride. Peres aliutambua wake mara moja, kwa ule mkwaruzo uliofanywa na kitanda siku ya kuhama.

"Niaje, mathe," Sammy akasema. "Umepotea? Saloni iko hapo kando."

Vijana wakacheka.

"Sijapotea, mwanangu. Nimekuja kupika." Peres akaweka sufuria juu ya kaunta, puu. "Sogeza hizo chupa za soda. Hapa nitasukumia chapati."

"Kupika? Hapa si hoteli!"

"Gesi yangu iko hapa. Kwa hivyo jikoni yangu iko hapa. Baba Ivyne, weka unga hapo."

"Mathe, hii ni mambo ya wanaume. Mzee wako aliweka, mzee wako ame-lose. Alisema Nzau anashinda. Nzau ameshinda? Zii. Imeisha hiyo. Kama uko na uchungu, nenda kwa yule jaji wenu."

"Nimetoka kwake."

Sammy akapepesa macho.

Wakati huo sauti ikatoka mlangoni. "Na mimi nimekuja kupiga pasi." Alikuwa Kavutha, na kikapu cha nguo kichwani. Alikuwa amesikia habari njiani. "Ile pasi hapo juu ya rafu ni yangu. Nionyeshe soketi iko wapi, Sammy. Au unataka nianze na shati lako? Limekunjamana."

Sasa vijana hawakumcheka Peres tena. Mmoja alipunguza sauti ya televisheni.

"Nyinyi vijana, nisaidieni," Peres akasema. Aliwageukia. "Mimi sikusoma sana. Huyu ananiambia tumepoteza kwa sababu Nzau hakushinda. Sawa. Kavutha, wewe umeambiwa nini?"

"Kwamba tumepoteza kwa sababu Kuria hakushinda."

"Sasa watu wawili wamepanda ulingoni. Mmoja amepasuka jicho. Mwingine amevimba mdomo. Hakuna aliyeshinda. Lakini kuna mtu wa tatu. Hakuvaa glovu. Hakutoka jasho. Alikuwa amekaa hapa akila karanga. Na yeye ndiye ameshinda mitungi, na pasi, na redio. Mtu huyo ni nani?"

"Sammy!" mtu akapiga kelele kutoka benchi la nyuma.

"Hata mimi simu yangu iko hapo!" mwingine akasema. "Sammy, ulituambia ni yule mama amekula!"

"Hiyo ndiyo rule!" Sammy akasema. "Hakuna mshindi, mali ni ya nyumba."

"Ulisema lini?" Isaiah akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Nilipoleta mtungi ulisema mtungi kwa mtungi. Hukusema kitu kingine. Pambano limefutwa. Kitu kikifutwa, kila mtu anarudishiwa chake. Au nyumba yako ilipigana?"

"Wewe fundi, wewe ndiye uliandika kwa mlango wa jaji! Sasa unanigeuka?"

Peres akamtazama mume wake. Ukumbi wote ukamtazama.

"Chaki nilishika mimi," Isaiah akasema. "Maneno yalikuwa yako."

Hapo Bi. Njambi akaingia, bado amevaa nguo za msibani. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule. Hakupiga kelele. Aliuliza Sammy swali moja tu: leseni iko wapi. Sammy akaanza kutafuta kwenye droo. Alitafuta sana. Kila mtu alijua anachokitafuta hakijawahi kuwamo.

"Kila mtu achukue kilicho chake, mbele yangu," Bi. Njambi akasema. "Wewe Sammy, utafuatana nami hadi kituo cha polisi ukajieleze huko. Na nyinyi wengine msifurahi haraka. Nani aliwatuma kumpa mtu asiye na leseni vyombo vya nyumba zenu? Leo mmepata. Angekuwa amehama jana, mngemshtaki nani? Ukuta?"

Watu wakachukua vyao mmoja mmoja.

Isaiah aliubeba mtungi begani hadi nyumbani. Peres alidhani ataketi. Hakuketi. Alichukua ndoo na kitambaa, akaenda mlango wa tatu. Watu wa ploti walikuwa wametoka nje. Aliufuta ule mlango mbele yao wote, herufi moja baada ya nyingine. Millicent alisimama kizingitini akitazama.

"Dada Millicent," Isaiah akasema, "nilikuita mwizi na sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hasira ya kupoteza. Nisamehe."

"Na mimi," Peres akasema. "Nilisoma hiyo chaki nikaipenda."

Millicent akaugusa ule mlango uliolowa. "Nimeumia," akasema. "Msidhani maji yanatoa kila kitu. Lakini nimewasikia. Na yule mteja aliyechukua sare bila vifungo, nyinyi ndio mtaenda kumweleza." Walienda kesho yake, Isaiah mwenyewe akiwa mbele.

Jioni nyingine Isaiah alikwenda kwa Millicent na simu yake mkononi. Alikuwa pia na akaunti kwenye kampuni ya kubeti.

"Hii ina leseni," akasema. "Hii ni sawa?"

"Leseni inamaanisha una mahali pa kulalamika," Millicent akamjibu. "Haimaanishi utashinda. Ulisoma masharti yao?"

"Nani husoma hayo?"

"Asiyetaka kulia. Hebu tusome."

Walisoma pamoja. Kampuni hiyo ilisema pambano likifutwa, dau linarudishwa. Lakini ilisema pia kwamba wao hufuata matokeo yaliyotangazwa ulingoni siku ile. Chama kikibadilisha uamuzi wiki ijayo, beti haibadiliki.

"Kwa hivyo naweza kuwa na haki na bado nisilipwe?"

"Kabisa. Kampuni nyingine huenda ikasema vingine. Ukiwa na malalamiko, unaanza kwao, na ushahidi wako mkononi. Wasiposikia, unaenda ofisi ya serikali inayosimamia kamari. Lakini na mimi nikuulize, Baba Ivyne. Mwezi huu, ukikusanya pesa ulizopata na ulizopeleka, nani anamlisha mwingine?"

Isaiah hakuhitaji kuhesabu. Aliomba kampuni iifunge akaunti. Walimfungia. Siku za kwanza kidole chake kilikuwa kinatafuta pale pale kwenye simu. Alikuwa mkali nyumbani, akanuna. Peres hakumcheka. Alimwambia, "Ukiwashwa, sema. Usijifiche." Siku nyingine alisema. Siku nyingine alitoka akaenda kutembea hadi kiu ile ikapita.

Kocha wa Nzau aliandika malalamiko yake kama inavyotakiwa. Chama kilitazama video. Kikasema refa alikuwa sawa, ila mabondia hao warudiane. Na Millicent hakupangwa kuwa jaji mara hiyo. Yeye mwenyewe aliomba akae kando, kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yamesemwa.

Siku ya kurudiana, Peres, Isaiah na Ivyne walienda wote tao kutazama. Isaiah alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Raundi zote sita zikaisha. Majaji wakatoa pointi zao. Kuria wa Dagoretti akashinda.

Watu wa Kangemi walinung'unika. Wachache walianza kusimama juu ya viti. Isaiah aliuma midomo. Kisha akasema, "Raundi mbili za mwisho alichoka. Niliona," akaketi.

Walipokuwa wakitoka walimkuta Nzau kwenye ngazi, begi begani. Nzau alipomwona Isaiah alisimama. Akainua viganja mbele ya uso, kama mtu anayesubiri kupigwa tena.

"Najua, Baba Ivyne," akasema. "Nimewaangusha. Umepoteza ngapi?"

"Sijapoteza kitu," Isaiah akasema. Akamshika mkono, akaushusha taratibu. "Wewe umeumia wapi?"

Nzau akamtazama, kana kwamba swali hilo lilikuwa la lugha ngeni.

"Hapa, mbavuni," akasema mwishowe. "Nikipumua."

"Lete begi," Isaiah akasema.